Kioo cha Nyuma Kilikuwa Wazi

Pale kwenye uwanja wa kuoshea magari walimwita Cherehani, kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu gari la kwanza la asubuhi mpaka la mwisho. Mumewe walimwita Povu, na hilo lilikuwa jina la heshima. Yeye ndiye aliyekabidhiwa bunduki ya povu, ile ya plastiki yenye chupa ya sabuni chini yake, inayochomekwa kwenye ncha ya mpira wa maji wa kawaida tu, kama wa kumwagilia bustani. Ukiminya kifyatulio, maji na sabuni hukutana humo ndani na kutoka povu zito, jeupe, linalong'ang'ania bodi ya gari na kuteremka polepole likibeba vumbi. Povu alianza na paa, akashuka kwenye vioo, akamalizia na milango na matairi. Halafu alisugua kwa sponji, mkono mmoja ukisugua na mwingine ukitangulia kupapasa. Mkewe alifuata nyuma yake kwa maji safi na kitambaa. Bwana mmoja mnene waliyemwita Kasuku alifyonza vumbi ndani ya magari, na mwenye uwanja, Tajiri, alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli akiamuru.

"Baba watoto, umesikia ya jirani yetu wa kushoto?" Cherehani alisema huku akikamua kitambaa. "Wa kushoto kabisa, yule. Kahama."

Povu akasogeza bunduki kushoto, na ule upande wa boneti uliokuwa umerukwa ukapata povu.

"Nasikia mambo yake yalikuwa ya chini chini. Chini sana."

Bunduki ikashuka hadi kwenye bampa.

"Shemeji," Kasuku alitoa kichwa mlangoni mwa gari, "huyo jirani yenu wa kushoto anahama mara ngapi kwa wiki? Jumatatu alihama, jana akahama."

Uwanja mzima ulicheka. Cherehani alicheka kuliko wote, mpaka akajifuta machozi kwa kiganja chenye sabuni. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa kinawalisha. Maadamu watu walimwona ni mwanamke asiyejua kunyamaza, hakuna aliyejiuliza kwa nini mumewe haongezi hatua kabla ya kusikia sauti yake.

Povu alikuwa haoni. Si kwamba dunia yote ilikuwa imezima. Jicho la kulia lilikuwa bado linapata kitu, kipande kidogo mbele yake, na kwa kipande hicho alijua hapa ni taa, hapa ni kitasa. Jicho la kushoto lilibaki pambo. Nyumbani hawakulizungumza. Alipojikwaa kwenye stuli, mkewe aliilaumu stuli. Alipommwagia chai mgeni miguuni, mkewe alisema kikombe kina ufa. Kidogo kidogo ikawa ndiyo desturi yao, kama watu wengine wanavyozoea mlango unaolalamika.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, magari machache. Tajiri alitikisa dumu la sabuni, likalia tupu.

"Cherehani, vuka barabara ukalete sabuni dukani."

"Bosi, si aende Kasuku? Mimi miguu leo inaniuma."

"Kasuku yuko ndani ya gari la mtu. Nimekutuma wewe. Au siku hizi tunajadiliana?"

Cherehani aliacha kitambaa. Akamsogelea mumewe, akajifanya anamtoa uzi begani. "Nisubiri. Usiguse gari lolote mpaka nirudi."

"Mimi si mtoto mdogo," Povu alisema, na sauti yake ilikuwa na ukaidi ambao mkewe hakuupenda.

"Najua. Nisubiri tu."

Dukani alikuta watu wawili mbele yake. Walipomalizana alibeba dumu kwa mikono miwili, akarudi mbio mbio hadi ukingoni mwa barabara, na hapo akakwama. Malori yalikuwa yanapita moja nyuma ya jingine. Katikati ya lori na lori aliuona uwanja kama picha zinazokatwakatwa: gari jeupe likiingia, dereva wake, mwanamume aliyevaa shati la mikono mirefu, akishuka na simu sikioni, Tajiri akinyoosha kidole na kupaza sauti, "Povu, anza na hilo!"

Povu alisimama na bunduki mkononi, chupa yake ikiwa bado na sabuni. Mkewe alimwona akigeuza uso kumtafuta. Angeweza kusema ngoja. Angeweza kusema sabuni imekwisha. Badala yake alinyoosha mgongo, akatembea hadi kwenye gari kama mtu mwenye macho mawili, akaweka kiganja juu ya paa kupima urefu wake, akarudi nyuma hatua mbili.

Kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa wazi. Ndani alikaa mama mzee mwenye kitambaa cha bluu kichwani, ameegemeza kichwa, amefumba macho kwa ajili ya jua.

"Dirisha!" Cherehani alipiga kelele. "Baba watoto, dirisha!"

Lori likapita na sauti yake. Lilipoondoka, povu lilikuwa linaingia. Liliingia kama linavyomwagwa kwenye beseni, likafunika kitambaa cha bluu, likafunika uso, likajaa mapajani. Na Povu, kwa kuwa hakusikia povu likigonga kioo, alidhani amelenga vibaya, akasogea karibu na kuminya zaidi.

Cherehani alivuka bila kutazama. Breki zililia, mtu alimtukana mama yake, dumu lilimponyoka likabiringika. Alipofika, mwenye gari alikuwa amekwisha kumkaba Povu shati.

"Wewe ni mwehu? Mama yangu yumo! Ametolewa mtoto wa jicho mwezi uliopita tu! Daktari amekataza hata maji ya kunawa yasimwingie!"

"Samahani, bwana. Samahani sana." Povu alikuwa anainamisha kichwa, viganja vikiwa vimefunguliwa mbele ya kifua. "Sikujua kuna mtu. Nisamehe, mama." Lakini maneno hayo aliyaelekeza kwenye usukani, kwenye kiti kitupu cha dereva.

Cherehani aliwapita wote wawili, akamtoa mama mzee nje, akamwinamisha na kumsuuza kwa chupa yake ya maji ya kunywa, taratibu, akimkinga macho kwa kiganja. "Usifungue, mama. Bado. Bado kidogo. Sasa jaribu." Mama mzee akafungua jicho moja, kisha la pili. Yalikuwa mekundu, lakini yalimtazama. Halafu yakahama kwake, yakatulia kwa yule mwanamume aliyekuwa anaendelea kukiomba radhi kiti.

"Mwachie shati lake, mwanangu," alisema. Povu la sabuni lilikuwa bado linamtiririka shingoni. "Huyu haoni."

"Haoni nini? Mzembe tu huyu!"

"Nakwambia haoni. Mimi nilikuwa nageuza shingo hivyo hivyo."

Mpira wa maji ulikuwa umeanguka, ukiendelea kutapika chini. Tajiri aliinuka kitini, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. Akaja hadi mbele ya Povu.

"Ni kweli hayo?"

"Hapana, bosi. Ni jua tu, limenipiga."

"Basi niambie. Hivi ni vidole vingapi?"

Povu alisita. Cherehani alifungua mdomo, na Tajiri akamwonyesha mkono wa kumnyamazisha, ule wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umetulia mfukoni.

"Vitatu," Povu alisema.

Kasuku aliachia kicheko, kisha akakikata katikati, akatazama viatu vyake. Tajiri hakuwa amemnyooshea Povu kidole chochote.

"Miaka yote hii," Tajiri alisema polepole, "namwachia kipofu magari ya watu." Aliokota bunduki ya povu, akaipangusa kwenye suruali yake, akamnyooshea Cherehani. "Shika wewe. Yeye aende nyumbani. Na mjue nakuacha wewe kwa huruma tu, maana nyote mmenidanganya."

Cherehani aliutazama mkono wake ukinyooka, ukaipokea. Hata baadaye hakuweza kujieleza kwa nini uliharakisha vile. Mumewe alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake na viganja vyake bado viko wazi, kama mtu anayengoja kupewa kitu. Kasuku ndiye aliyemshika mkono na kumwongoza hadi lango, akimwambia, "Twende, kaka, hapa kuna tuta. Inua mguu." Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kumwambia Povu ainue mguu.

*

Kabla ya gari kuondoka, mama mzee alimwita Cherehani dirishani.

"Mpeleke hospitali, kwenye kliniki ya macho. Usiogope. Mimi nilikuwa siwezi kutofautisha chumvi na sukari. Walinilaza kitandani, haikufika nusu saa wakaniambia amka. Kesho yake walipofungua bandeji niliona masizi kwenye sufuria zangu nikaona haya. Kumbe miaka yote nilikuwa naosha hewa."

Maneno hayo Cherehani aliyabeba nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Alimkuta mumewe amekaa kwenye ukingo wa kitanda, viatu mguuni, maji ya sabuni yamemkaukia kwenye suruali.

"Yule mama hajaumia," alianza.

"Alinyamaza," Povu alisema. "Nilimmwagia na hakupiga kelele. Ndiyo maana sikujua. Angepiga kelele ningeacha."

"Hajaumia, nakwambia. Na amesema inatibika. Yeye alikuwa hivyo hivyo, sasa anaona masizi."

Povu aligeuza uso. "Anaona masizi?"

"Kwenye sufuria."

Kwa siku nne zilizofuata nyumba yao ilikuwa na uchangamfu ambao haikuwa imeujua kwa muda mrefu. Kitu kilichokuwa kimefungiwa chini ya ulimi kilitolewa mezani, kikageuzwageuzwa. Povu alikiri kwamba alikuwa anahesabu hatua za kwenda msalani. Alikiri kuwa picha ya binti yao siku ya ndoa, ile aliyoisifu mbele za watu, hakuwahi kuiona. Alijua tu iko ukutani. "Nikifunguliwa bandeji nitaanza na hiyo," alisema. "Halafu nitakutazama wewe, nione umezeeka kiasi gani."

"Utaomba wakufunge tena."

Alicheka. Alinyoa ndevu mwenyewe, akajikata mara mbili, akacheka tena. Mchana Cherehani alipiga povu magari ya watu, mikono yake ikijifunza uzito wa bunduki, na alipokuwa anasugua alijikuta anapanga siku mumewe atakaporudi na kumnyang'anya. Tajiri angekubali. Tajiri alikuwa na ulimi mkali, lakini mfanyakazi mzuri alimjua.

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye miwani iliyomtelemka puani. Alimmulika Povu macho, akamdondoshea dawa, akampima kwa kimashine kilichogusa jicho lenyewe. Kisha wakampeleka kwenye chumba chenye giza kidogo, wakamkalisha, kidevu kwenye kishikio, kibonyezo mkononi.

"Baba, utazame hiyo taa ya katikati, usihamishe jicho. Vitaanza kutokea vinukta vya mwanga huku na huku. Kila ukiona kimoja, bonyeza."

Cherehani alikaa nyuma yake kwenye benchi. Kutoka pale aliweza kuviona vinukta: kimoja juu, kimoja pembeni, kimoja chini kabisa. Alisikia kibonyezo kikilia mara moja. Akaona vinukta vitatu, vinne, vitano. Kimya. Kililia tena. Alijikuta anaminya kidole gumba chake mwenyewe kwenye goti kila kinukta kilipotokea, na kila mara goti lake lilikuwa peke yake. Walipohamia jicho la kushoto, kibonyezo hakikulia kabisa. Povu alikaa wima na kungoja kwa adabu mpaka wakamwambia imetosha.

Daktari aliwaketisha mezani.

"Baba, hii si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni kama kioo kilichoingia ukungu, tunakibadilisha. Wewe una presha ya macho. Presha imebana ule mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, imeubana kwa miaka, bila maumivu, ikianzia pembeni na kula kuelekea katikati. Upande wa kushoto imemaliza. Kulia umebakiwa na tundu dogo, kama unachungulia kwenye tundu la kitasa cha mlango."

"Sasa upasuaji ni lini?" Povu aliuliza.

Daktari alivua miwani. "Kilichokufa hakirudi, baba. Nitakupa dawa ya matone, utumie kila siku bila kukosa. Tunajaribu kulinda hicho kilichobaki, na siwezi kuahidi kitadumu kwa muda gani."

Povu aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia.

"Dalili zilianza lini?" Daktari alichukua kalamu.

"Mwezi uliopita," Povu alisema haraka. "Ghafla tu. Hakuna aliyejua. Hata mke wangu hapa hakujua."

Kalamu haikuandika. "Haiwezekani iwe mwezi uliopita, baba."

"Ndivyo ilivyokuwa."

Daktari akamgeukia Cherehani. Hakumkaripia, alimuuliza kama anavyouliza jina na umri. "Mama, wewe hukuona chochote?"

Mumewe alikuwa ameukuta mguu wake chini ya meza, na alikuwa anaukanyaga. Mara ngapi yeye mwenyewe alikuwa amemkanyaga hivyo mbele za wageni, akimtahadharisha? Aliutazama ukuta. Palikuwa na picha kubwa ya jicho lililopasuliwa katikati, na mishipa yake myekundu.

"Niliona," alisema. "Ni miaka mitatu."

"Mama watoto," Povu alisema.

"Alianza kugonga milango kwa bega. Akaniambia anataka kuja kupimwa. Nikamwambia ni umri tu, nikamnunulia miwani barabarani." Sauti yake ilikuwa imenyooka, haina hata chembe ya ile cherehani. "Daktari, tungekuja wakati ule?"

Daktari alichelewa kujibu, na jibu likawa limekwisha kujulikana. "Kwa mtu mwenye macho kama yake wakati huo," alisema, "matone haya haya yangetosha kwa miaka mingi."

*

Walikaa kwenye benchi nje ya kliniki, kichupa cha dawa kwenye mfuko wa plastiki kati yao. Watu walipita wakiwa na bandeji jicho moja, wakishikwa mikono na ndugu zao, wengi wao wakicheka.

"Kwa nini umemwambia?" Povu aliuliza.

"Kwa sababu aliuliza."

"Nilikuwa nimekwisha kumjibu." Alikuwa na hasira, hasira ya kweli, ya kwanza tangu siku ile ya uwanjani. "Nimekuachia mlango wazi utoke, wewe unarudi ndani. Sasa yule daktari atakaa anafikiri mke wangu alinipofusha."

"Si ndivyo?"

Povu alikuwa anaipapasa mifupa ya vidole vyake, mmoja baada ya mwingine.

"Nilikwambia mara moja tu," alisema hatimaye. "Mtu anayetaka jambo husema mara mbili. Ulipokataa nilishukuru. Nilikuwa naogopa kuliko wewe."

Alisema hivyo kumpunguzia. Cherehani alilijua hilo, na ndiyo maana hakikupungua kitu. Alitamani mumewe amtukane, amsukume, aseme kwa sauti ambayo wote waliokaa pale wangeisikia. Badala yake mumewe aliinuka, akanyoosha kiwiko kwa upande aliodhani yupo, na yeye akazunguka akaja kusimama upande huo.

*

Povu hakurudi kazini. Tajiri aliajiri mtu wa kukausha, na Cherehani akabaki na bunduki. Aliosha vizuri, hata wateja walimuulizia. Lakini jina lake lilianza kumtoka. Kasuku alijaribu mara kadhaa kumchokoza kwa habari ya majirani, akajibiwa kwa kifupi, akaacha. Siku moja alimwambia mfanyakazi mpya, kwa sauti ya chini, asimwite yule mama Cherehani.

Nyumbani Povu alijifunza kukaa. Alijua kuwasha jiko kwa kusikiliza, alijua kukunja nguo, alijidondoshea matone asubuhi na jioni, na tone moja likimwangukia shavuni alilipangusa na kuanza upya. Baada ya miezi mitatu wakarudi kwa yule daktari mwenye miwani. Kibonyezo kililia mara chache kuliko mwanzo.

Tangu siku hiyo alimtaka mkewe awahi nyumbani jua likiwa bado lipo. Kila alipofika alimkuta ameweka viti viwili mbele ya mlango, vinatazamana, karibu sana, magoti yakigusana.

"Kaa. Usitikisike."

Alikaa na nguo zake zilizolowa. Povu alimshika kidevu, akasogeza uso wake hadi karibu, akaanza juu. Tundu lililobaki halikutosha uso mzima, ikabidi auchukue kipande kipande: paji la uso, mvi za mbele ya sikio, jicho moja, akasimama hapo kwa muda, akavuka hadi jicho la pili.

"Hapa una kovu," alisema. "Lilitoka wapi?"

"La zamani. Utotoni."

"Sikuwahi kuliona."

Machozi yalikuwa yamemjaa Cherehani, naye alijua yakianguka ataufuta uso, na akiufuta atakuwa amehama mahali jicho la mumewe lilipofika. Akakaza shingo.

"Umemaliza?" aliuliza, midomo ikisogea kidogo tu.

"Bado," Povu alisema. "Ndiyo kwanza nafika puani. Ngoja, jua lisiniwahi."

Akangoja.